Kazi ya Kuwasikiliza Wenye Uchungu: Mambo ya Kutengeneza Kwanza

Siku hizi wako Wakristo waliosomea unasihi, yaani tiba ya mazungumzo, nao hutamani kufungua chumba chao wenyewe. Twafurahi. Kanisa letu si geni katika kazi hii: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani ilianza baadaye kuwapokea wagonjwa wa akili. Lakini nia njema haitoshi. Atakaye kuanza hapa kwetu Nyamwaga na atengeneze mambo haya.

Kwanza, mahali. Chumba kisielekee sokoni, kila apitaye akamwona aingiaye. Wala kisiwe mafichoni penye kutiliwa shaka. Dari na kuta zizuie sauti. Mwanamume akimsikiliza mwanamke, awepo mtu nje aonaye mlango asiyesikia maneno.

Pili, lugha. Mama wa Kikuria huuza mahindi kwa Kiswahili, lakini hulia kwa Kikuria. Usimfanye mwanawe wala jirani yake kuwa mkalimani.

Tatu, malipo. Saa na bei zitajwe siku ya kwanza. Usipokee mbuzi wa shukrani. Aliyekwisha kumla mbuzi hawezi tena kumwambia mwenyewe neno gumu.

Nne, siri. Hapa ndipo penye hatari kuu. Daftari lifungiwe kwa kufuli, na Mithali 11:13 isomwe mara nyingi. Hata hivyo usiahidi siri isiyo na mpaka. Fikirini: wazee wa inchama wametangaza ya kuwa mwaka huu ni wa tohara. Binti wa miaka 13 aja kwako, akuapisha usimwambie mtu, kisha asema atakatwa juma lijalo. Ukinyamaza, umemwacha kisuni. Ukisema, umevunja kiapo, wala binti mwingine hatakuja. Basi mwambie kila mtu kabla hajaanza: “Nitayatunza maneno yako, lakini maisha au mwili wa mtu ukiwa hatarini, nitamwita msaidizi, nami nitakuambia wewe kwanza.” Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kifungo chake chaweza kufika miaka 15. Ujue mapema mlango wa kubisha: dawati la jinsia na watoto la polisi, afisa wa ustawi wa jamii, na nyumba za kuwapokea wasichana, kama ile ya Masanga katika Tarime.

Tano, mpaka wa uwezo wako. Asikiaye sauti za watu wasiokuwapo, na mwenye kifafa, ni wa daktari. Mpeleke hospitalini, ukimwombea njiani.

Sita, nani atakusikiliza wewe? Kisima kitekwacho bila mvua hukauka. Tafuta mnasihi mzee, ukutane naye kila mwezi, bila kuyataja majina ya waliokujia.

Nanyi wainjilisti msiosomea kazi hii, msifungue chumba. Lakini neno la siri ni lenu pia, kwa maana watu huwajia barazani baada ya ibada.

Maswali ya kujadili: Je, tumewahi kuahidi siri tusiyoweza kuitunza? Katika usharika wetu, binti mwenye hofu akimbilie kwa nani usiku?