Somo la Afya: Mtoto Mchanga Wakati wa Mafuriko

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, watu wengi wakakosa nyumba. Wakati kama huo wengine huleta maziwa ya unga kwa huruma. Lakini yatakorogwa kwa maji gani? Maji ya mto na ziwa yanaweza kuleta kipindupindu, na kuni kavu za kuchemsha hakuna.

Mama atasema: «Hofu imekausha maziwa yangu.» Sivyo. Hofu inayazuia kidogo tu. Mtoto akinyonya mara nyingi, yatatoka tena. Mpaka miezi 6 yanamtosha, hata maji asipewe.

Basi tumsaidie mama: chakula, maji safi, pahali pa kutulia. Mtoto asiye na mama apelekwe upesi kituo cha afya.

Swali: Kwa nini kumlisha mama ni kumlisha mtoto?