SOMO: FAIDA YA MTU KUSIMULIA YALIYOMPATA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Jua, ewe ndugu, ya kuwa Nabii Musa, alayhi ssalaam, alipokimbia Misri akafika Madyan, alimsimulia mzee wa huko habari yake yote. Naye akamtuliza kuwa amekwisha kuokoka na madhalimu. Hapa pana mambo mawili: mtu kusema, na msikilizaji kumpa amani.

Mfano wake uko Mara. Bi Rhobi Samwelly alikeketwa angali msichana, akatokwa na damu hata akakaribia kufa. Hayo hakuyaficha, bali aliyasimulia hadharani. Na nyumba za hifadhi alizozianzisha Butiama na Mugumu hupokea wasichana wakimbiao kisu, hasa mwezi wa Desemba. Msichana akisikia ya kuwa mkubwa wake alipatwa na hayo naye akaishi, hujua kuwa hayuko peke yake, wala aibu si yake.

Basi, ewe baba, bintiyo akikujia na habari yake, mpe hifadhi kwanza, kisha msikilize. Usimkatize, wala usimlazimishe kusema asilotaka. Asemayo ni amana, hayapelekwi barazani. Na jeraha la mwili lina tabibu wake; masimulizi hayashiki mahali pa dawa.

Wallahu aalam.