SOMO LA KOMPYUTA: Kusasisha bila kumaliza bando

Ndugu wakazi wa Dzaleka, na ninyi ndugu mnaofanya shughuli zenu Mchesi na mitaa mingine ya Lilongwe,

Somo la toleo hili linahusu jambo linalowapata wengi. Mtu ananunua bando jioni, anaunganisha kompyuta na hotspoti ya simu yake ili atume kazi ya masomo, na kabla kazi haijatumwa bando limekwisha. Hakutazama video wala hakupakua muziki. Aliyelimaliza ni kompyuta yenyewe, iliyokuwa inajisasisha kimyakimya.

Hasara hii si ndogo hapa kwetu. Masomo ya chuo kwa njia ya mtandao yalianza Dzaleka mwaka 2010, kwa ushirikiano wa Wajesuiti na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Tangu wakati huo wakazi wengi wamesoma kwa kompyuta, na wengine wamejifunza kazi za kompyuta ili wapate riziki. Kazi ya darasa ina tarehe yake ya mwisho, na kwacha iliyonunua bando ingeweza kununua unga. Kwa hiyo tujifunze kuiongoza kompyuta, isituongoze yenyewe.

1. SASISHO NI NINI?

Programu ya kompyuta au ya simu hutengenezwa na watu, na watu hukosea. Baada ya programu kutolewa, makosa huonekana, na mengine ni kama matundu ambayo wezi hupitia. Waliotengeneza programu hutoa marekebisho ya kuziba matundu hayo. Marekebisho hayo ndiyo tunayoyaita sasisho.

Kampuni ya Microsoft, inayotengeneza Windows, hutoa masasisho yake makubwa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa za Malawi huanza kutoka saa moja au saa mbili usiku, wakati ambao wanafunzi wengi wameketi kusoma. Katika siku zinazofuata kila kompyuta huyafuata kwa saa yake, bila kumwuliza mwenyewe. Andika siku hiyo kwenye kalenda yako.

Mtego uko hapa. Kompyuta ikiona wai-fai hudhani kwamba mtandao hauna mwisho, kama ule wa ofisi kubwa. Haijui kwamba wai-fai ile inatoka kwenye simu yenye bando la giga moja. Ni lazima uiambie.

2. HESABU YA MWENDO

Mwendo wa mtandao hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Vipimo hivi havilingani: baiti 1 ni biti 8.

Mfano: sasisho lina megabaiti 500, na mtandao wako una mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde.
500 x 8 = megabiti 4,000.
4,000 : 1 = sekunde 4,000, yaani karibu dakika 67.

Hiyo ni saa moja na dakika saba, kama hakuna mwingine anayetumia mtandao huo. Na kama bando lako ni giga moja, nusu yake imekwenda.

3. JE, TUZIME MASASISHO YOTE?

Hapana. Wapo wanaoshauri hivyo, na ushauri huo ni mbaya.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo kwenye kompyuta ambazo zilikuwa hazijasasishwa. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua. Nchi zaidi ya 150 ziliguswa, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo tayari. Wengi hawakuwa wameinywa.

Fikiri kuhusu kompyuta yako. Ndani yake kuna vyeti ulivyovipiga picha, barua za maombi, picha za ndugu walio mbali, na kazi ya masomo ya miaka miwili. Baadhi ya vitu hivyo havina nakala nyingine duniani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: kusasisha ni lazima, lakini siku, saa na mahali pa kusasisha uchague wewe.

4. KWENYE SIMU

a) Fungua Play Store. Gusa picha au herufi ya jina lako juu ya skrini, kisha mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao. Tafuta sehemu ya kusasisha programu kiotomatiki na uchague wai-fai pekee. Lakini kumbuka: hotspoti ya jirani nayo ni wai-fai. Kama mtandao wako wa kila siku ni hotspoti, chagua kutosasisha kabisa kiotomatiki, kisha usasishe mwenyewe.

b) Mara moja kwa mwezi, rudi Play Store na usasishe programu chache zilizo muhimu, moja baada ya nyingine: ile ya ujumbe, ile ya fedha, na ile unayofungulia kurasa za mtandao. WhatsApp iliyozeeka sana hukataa kufanya kazi, kwa hiyo usiisahau. Michezo inaweza kusubiri.

c) Washa kiokoa data katika mipangilio ya mtandao ya simu. Kitazuia programu nyingi zisitumie bando wakati hujazifungua.

d) Katika mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Hilo si sasisho, lakini hula kutoka sahani ileile.

5. KWENYE KOMPYUTA YA WINDOWS

Hatua ya kwanza. Unganisha na wai-fai yako. Fungua mipangilio (alama ya gurudumu lenye meno), ingia sehemu ya mtandao, kisha sifa za wai-fai hiyo. Utaona maneno "Metered connection", maana yake mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Washa. Tangu hapo Windows haitapakua masasisho mengi mpaka uiruhusu. Angalia: kila wai-fai hukumbukwa kwa jina lake. Ukiunganisha na hotspoti mpya, washa tena.

Hatua ya pili. Wiki ya mtihani ikikaribia, fungua sehemu ya Windows Update na usimamishe masasisho kwa wiki moja au mbili. Huku si kuzima. Muda ukiisha yataendelea.

Hatua ya tatu. Katika sehemu hiyohiyo, weka saa zako za kazi, ili kompyuta isijizime na kujiwasha upya ukiwa katikati ya kuandika.

Hatua ya nne, ambayo wengi huisahau. Chagua siku moja ya kila mwezi, baada ya ile Jumanne ya pili, iwe siku ya kusasisha. Nenda mahali penye mtandao mzuri, au nunua bando la usiku kama linauzwa na ni rahisi zaidi. Jaza betri kwanza, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii Windows inaweza kuharibika. Zima "Metered connection", sasisha, washa kompyuta upya, kisha iwashe tena kama ilivyokuwa.

6. DARASANI NA KWENYE VITUO VYENYE KOMPYUTA NYINGI

Hapa hasara ni kubwa zaidi, na nafuu nayo ni kubwa zaidi. Chukua darasa lenye kompyuta 20, mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, na sasisho la megabaiti 500.

Kila kompyuta ikijipakulia yenyewe: 20 x 500 = megabaiti 10,000. Mara 8 ni megabiti 80,000. Gawa kwa 2: sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11. Siku nzima hakuna mwanafunzi atakayefungua ukurasa.

Lakini Windows 10 na Windows 11 zina njia ya kugawana. Kompyuta moja hupakua, na nyingine zilizo kwenye mtandao uleule wa ndani huchukua sehemu kubwa kutoka kwake. Kama mafaili yote yatapita ndani, kinachotoka nje ni megabaiti 500 tu, na kazi ya kupakua ni dakika 33.

Njia hii iko ndani ya Windows Update, katika mipangilio ya ziada, kwa jina "Delivery Optimization". Chagua mtandao wa ndani pekee. Usichague kompyuta za intaneti nzima, maana hapo kompyuta yako itawagawia watu usiowajua kwa bando lenu. Mpango mzuri ni huu: sasisha kompyuta moja kwanza, jioni au siku isiyo na masomo, iache ikiwaka, ndipo uwashe nyingine. Siku hiyo "Metered connection" iwe imezimwa kwenye kompyuta zote, vinginevyo hazitapakua wala kugawana.

Tunashauri kila kituo kiwe na daftari: tarehe, kompyuta gani imesasishwa, na bando lililotumika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

7. KUBEBA SASISHO KWA FLASHI

Masasisho ya Windows yanaweza kusafiri kwa basi. Microsoft ina ukurasa unaoitwa Microsoft Update Catalog, ambapo kila sasisho lina namba inayoanza na herufi KB. Andika namba hiyo pamoja na toleo la Windows yako. Ndugu aliye Lilongwe penye mtandao mzuri ataipakua mara moja, ataiweka kwenye flashi, na kambini itatumika kwenye kompyuta zote za toleo hilo. Mafaili ya kinga ya Microsoft Defender nayo hupatikana kwenye ukurasa wa Microsoft na hubebwa vivyo hivyo.

Flashi ichunguzwe kwa programu ya kinga kabla ya kufunguliwa. Flashi inayozunguka kila mahali huleta sasisho na kirusi pamoja.

Ukinunua kompyuta iliyotumika, iwe Mchesi au hapa kambini, tazama toleo la Windows kabla ya kulipa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kompyuta ya namna hiyo haifai kutupwa. Inaweza kuwekewa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambayo ni ya bure na huwekwa kwa flashi. Lakini bei yake ipungue, na mwuzaji ajue kwamba unajua.

8. JIHADHARI NA MASASISHO YA UONGO

- Ukurasa wa mtandao ukikuambia "simu yako ina virusi, sasisha sasa", ufunge. Sasisho la kweli hutoka Play Store au kwenye mipangilio ya kifaa chako.
- Usipokee WhatsApp ya rangi nyingine au yenye jina la kuongezwa. Si ya kampuni yenyewe.
- Kusasisha hakuhitaji namba ya siri ya Airtel Money wala ya Mpamba, wala namba ya kadi yako ya ukimbizi. Anayeziomba ni mwizi, hata akisema anatoka ofisini.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1: Sasisho lina megabaiti 300, mwendo ni megabiti 2 kwa sekunde. Litachukua muda gani?
Swali la 2: Uliwasha "Metered connection" nyumbani. Leo umeunganisha na hotspoti ya rafiki. Je, bando lake liko salama?
Swali la 3: Jirani amezima masasisho yote tangu mwaka jana, na anasema kompyuta yake haijawahi kuugua. Utamjibu nini?

Majibu:
1. 300 x 8 = 2,400; gawa kwa 2 ni sekunde 1,200, yaani dakika 20.
2. Hapana. Kila wai-fai huwekewa peke yake.
3. Mwambie habari ya Mei 2017, kisha mpangieni pamoja siku moja ya mwezi ya kusasisha.

Ndugu msomaji, karatasi hii ni ya wote. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani, na umsomee asiyejua kusoma.