Kumheshimu Mzazi Aliyesahau
Fundisho juu ya Amri ya Nne

Masomo: Kutoka 20:12, Isaya 46:3-4, Yohana 21:18.

Amri ya Nne twawafundisha watoto, hata watu wazima hudhani haiwahusu tena. Lakini Katekismo Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529, iliwekwa kwa ajili ya nyumba nzima. Kumtii baba mwenye nguvu si kazi kubwa. Amri hii huwa nzito hapo baba asipoweza kuamuru neno, wala hatujui sisi tu nani.

Uko ugonjwa wa ubongo unaowanyang'anya wazee kumbukumbu. Namna yake mojawapo ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Mwaka 2021 watu wapata milioni 57 duniani walikuwa nao. Si laana, si uchawi, wala si uzee mtupu, maana wako wazee wengi sana wenye akili timamu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mara nyingi mambo ya jana husahauliwa kwanza, ya zamani hudumu. Na kazi iliyozoewa na mikono huweza kubaki hata majina yakiisha kupotea. Basi amwitaye mama yake mchawi kwa sababu ya ugonjwa huu avunja Amri ya Nne na ya Nane pamoja.

Twaijua nyumba moja pwani ya Tanga. Baba alikuwa nahodha, na mashua yake ilikuwa imelala mchangani miaka mitatu, mbao zimekauka na kuachana. Mwana mmoja alitaka ipasuliwe iwe kuni, wa pili akasema, "Baba yu hai bado." Wakashauriana, wakaitengeneza. Walitoa mataruma yaliyooza, wakabadili mbao, wakashindilia pamba yenye mafuta katika nyufa kwa nyundo na chembeu, na chini wakapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Kila asubuhi mzee aliketishwa kivulini, akauliza, "Chombo hiki cha nani?" Wakamjibu, "Ni chako, Baba." Akiuliza mara kumi, walijibu mara kumi. Siku moja alimpokonya mjukuu wake chembeu, akaitia pamba sawasawa, mkono hautetemeki. Jioni ile ile akamwita mwanawe mwivi, akataka kumfukuza nyumbani. Mashua ilipona, mzee hakupona. Lakini wanawe walikuwa wamemheshimu.

Haya yatufundisha nini?

Kwanza, heshima si ujira wa shukrani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Luther alikihesabu kuwa chema kusomwa, ingawa si sawa na Maandiko Matakatifu, chatuonya katika sura ya 3 tumvumilie baba hata akili zikimpungukia. Tusishindane na mgonjwa ili tumshinde kwa maneno. Tumpe kazi ndogo awezayo, wala tusimcheke.

Pili, mzigo huu usiachiwe mtu mmoja. Mara nyingi mkamwana au binti hukesha peke yake, maana mgonjwa huweza kutoka usiku akapotea. Wazee wa usharika na wapange zamu, ili naye apate kulala na kuja kanisani.

Tatu, wainjilisti hutuuliza: Je, mzee asiyekumbuka hata Amri Kumi apewe Chakula cha Bwana? Asizuiwe kwa sababu ya kusahau tu. Mchungaji na amwendee, aseme naye polepole, aanze Baba Yetu. Mara nyingi midomo iliyonyamaza itafuata. Mwenye kupokea na apewe. Ubatizo wake haukusimama juu ya kumbukumbu yake, bali juu ya ahadi ya Mungu. Petro aliambiwa ya kwamba katika uzee atachukuliwa na mwingine asikotaka. Hata hivyo aliitwa kumfuata Bwana. Naye Mungu, kwa kinywa cha Isaya, aahidi kuwabeba watu wake mpaka mvi. Tunaowabeba wazee wetu twabebwa sisi nasi.

Maswali ya kujifunza:
1. Katika mtaa wenu, ni nani amtunzaye mzazi wa namna hii, na ni nani amsaidiaye?
2. Mzee akishtakiwa uchawi, Mkristo aseme nini mbele ya watu?
3. Ni kazi gani mzee wenu aweza kuifanya hata leo?