Kupanda Mchongoma: Mwongozo kwa Watumishi Wanaopanda Kilimanjaro kwa Hisani

Mwongozo huu ni kwa watumishi wa ofisi, kiwanda, shule, benki au hospitali nchini Tanzania wanaokusudia kupanda Mlima Kilimanjaro pamoja ili kuchangisha fedha kwa jambo la kheri. Si wazo geni. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS), umekuwa ukiendesha kampeni ya kupanda mlima huu kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge wa Uhuru na bendera ya taifa jipya kwenye kilele chenye mita 5,895. Kupanda Kilimanjaro kwa niaba ya wengine tumekuzoea.

Hata hivyo, wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Timu ya hisani ina miteremko miwili. Wa kwanza ni wa miguu: kila aliyepanda arudi salama getini. Wa pili ni wa fedha: kila shilingi iliyotolewa imfikie aliyekusudiwa, na hesabu yake isomwe. Yote yanayofuata yamepangwa ili miteremko hiyo miwili isiwashinde.

1. Anzeni na mnufaika

Kabla ya kutaja tarehe ya safari, tajeni mtakayemsaidia. “Kusaidia watoto” ni nia njema, lakini haimwambii mchangiaji fedha yake itafanya nini. “Kujenga matundu ya vyoo vya wasichana katika shule fulani ya msingi” ni jambo linaloweza kupimwa. Nendeni mkaione shule hiyo. Zungumzeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule, mwone makadirio ya fundi, mjue ni nani atakayepokea fedha na kwa akaunti ipi. Waulizeni pia wanachohitaji wao, maana mara nyingi mgeni huleta madawati mahali palipokosa maji.

Kama mtachangisha nje ya ofisi yenu, ulizeni mapema katika halmashauri ni vibali gani vinavyotakiwa.

2. Makapu mawili

Safari ya Kilimanjaro ina gharama kubwa: ada za hifadhi, ada ya uokoaji, kampuni ya utalii, chakula, ujira wa wapagazi, vifaa na usafiri. Mchangiaji ana haki ya kujua nani analipa gharama hizo. Kwa hiyo wekeni makapu mawili tangu siku ya kwanza, kila moja na akaunti yake.

Kapu la safari lijazwe na wapandaji wenyewe, mwajiri, au mdhamini aliyekubali kwa maandishi kwamba fedha yake ni ya safari. Kapu la hisani lijazwe na michango ya watu wengine wote, na lisiguswe kwa jambo jingine, hata kwa soda ya kikao. Mkiona kwamba kapu la safari litakuwa kubwa kuliko la hisani, jiulizeni bila kuoneana haya kama si bora watu wanne wapande kwa niaba ya ishirini, au timu nzima ipande mlima wa karibu kama Uluguru na fedha iliyobaki iende moja kwa moja kwa mnufaika.

Akaunti ya hisani iwe na watia saini wasiopungua wawili, na mmoja wao asiwe mpandaji. Michango ya simu ipokelewe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi au la kikundi. Namba binafsi ya mweka hazina isitumike kamwe, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Kumlinda mtu mwaminifu dhidi ya tuhuma ni sehemu ya kumheshimu. Kila mchango upewe stakabadhi, na jumla itangazwe kila wiki kwenye ubao wa matangazo.

3. Ahadi isifungwe na kilele

Wengi huahidi “shilingi 10 kwa kila mita”. Hesabu yake huvutia: anayefika kileleni huleta shilingi 58,950, na anayeishia kwenye vibanda vya Horombo, takriban mita 3,700, huleta shilingi 37,000. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu ambaye kichwa kinampasuka na miguu inayumba ataanza kuhesabu zile shilingi 21,950 zilizobaki, zidishwe kwa wachangiaji wake wote, badala ya kuhesabu pumzi zake. Ombeni ahadi zilipwe kamili kabla ya safari, na mwandike wazi kwenye fomu kwamba mchango haurudishwi wala haupungui mpandaji akigeuka njiani.

4. Hiari iwe hiari ya kweli

Meneja akisema “nani hapandi?” mbele ya kikao, hajauliza, ameamuru. Mwaliko utolewe kwa maandishi, na majibu yapelekwe kwa mtu ambaye hapangi mishahara wala vyeo. Asiyetaka kupanda asidaiwe sababu. Makato ya mshahara kwa ajili ya mchango yafanyike kwa idhini ya maandishi ya mtumishi mwenyewe, na kiasi alichotoa mtu kisibandikwe ukutani pamoja na jina lake bila ridhaa yake.

Mwajiri aamue mapema, na aandike, kama siku za safari ni za kazi au za likizo. Ulizeni pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na bima yenu ya afya kama ajali au ugonjwa wa mlimani utashughulikiwa. Jibu la mdomo halitoshi.

5. Afya kabla ya viatu

Kwenye kilele cha Uhuru, kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni inayopatikana usawa wa bahari. Kila mpandaji amwone daktari miezi miwili au mitatu kabla. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, pumu, kisukari au ujauzito asiamue peke yake. Katika nchi yetu ni muhimu pia kuzungumzia selimundu: mwinuko mkubwa ni hatari kwa mwenye ugonjwa huo, na hata mwenye kurithi jeni yake kwa mzazi mmoja anapaswa kupata ushauri kabla ya kupanda. Dawa ya acetazolamide, inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, itumike kwa maelekezo ya daktari tu.

Siri za afya zibaki kwa daktari na mhusika. Kamati inahitaji neno moja tu: anafaa au hafai.

6. Nunueni siku, msinunue haraka

Kosa kubwa la vikundi vya ofisini ni kubana siku ili kupunguza gharama. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700 na Kibo 4,700. Kila hatua ni mruko wa mita elfu moja. Mkiichagua, ongezeni siku moja ya mapumziko Horombo. Njia za Machame na Lemosho ni za mahema, na huupa mwili nafasi nzuri zaidi ya kuzoea kwa sababu hupanda juu mchana na kushuka kulala. Kwa Machame tengeni siku saba, kwa Lemosho nane. Msimu mzuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Epukeni masika.

Mazoezi yaanze miezi minne kabla: ngazi za jengo badala ya lifti, kisha matembezi ya saa tano au sita kila Jumamosi, mkiwa na mzigo mgongoni. Viatu vivaliwe mpaka vizoee mguu. Nguo nzito, glovu, tochi ya kichwani na mfuko wa kulalia unaostahimili baridi kali vinaweza kukodiwa Moshi. Vikagueni kabla ya kulipa.

7. Hisani inaanza kwa mpagazi

Hakuna timu inayopanda peke yake. Wako waongozaji, mpishi na wapagazi, ambao kwa kila mpandaji huweza kufika watatu. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Iulizeni kampuni maswali haya kabla ya kusaini: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, na lini? Wanakula milo mingapi? Wanalala wapi? Wana makoti na viatu vya baridi ile? Moshi kuna Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro (KPAP), ambao hufuatilia masharti hayo. Kampuni inayoshirikiana nao ipewe kipaumbele.

Bei iliyo chini kuliko zote kwa kawaida imekatwa kwenye ujira wa mpagazi. Haiwezi kuwa hisani kumjengea mtoto darasa kwa fedha iliyookolewa kwa kumnyima baba yake chakula cha jioni. Bahshishi nazo zipangwe kwenye kapu la safari, na kila mpagazi akabidhiwe yake mkononi, mbele ya wenzake.

8. Mlimani, kauli ya mwisho ni ya mwongozaji

Vyeo viachwe getini. Mkurugenzi na mlinzi wote wako chini ya mwongozaji mkuu, na akisema “shuka”, hakuna rufaa. Neno mtakalolisikia tangu msituni ni “pole pole”; lichukueni kama amri. Mwendo wa timu uwe wa aliye taratibu kuliko wote.

Kila jioni kila mmoja aulizwe kwa jina: kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni onyo la kutoendelea kupanda mpaka dalili hizo zitulie. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kukohoa povu, au kuhema mtu akiwa amekaa ni dharura: ashushwe saa hiyohiyo, hata usiku, na asishuke peke yake. Kuficha dalili kwa kuogopa kuwaangusha wenzako ni kuwaangusha kweli, kwa kuwa watalazimika kukubeba.

Anayegeuka apokewe kwa heshima ileile ya aliyefika. Jina lake liwe kwenye cheti cha timu na kwenye picha ya ofisini.

9. Mteremko wa pili

Mkirudi, magoti yatauma na picha zitasambaa. Msilewe sifa. Ndani ya siku 30 kamati itoe taarifa ya mapato na matumizi ya makapu yote mawili, iliyokaguliwa na mtu asiyekuwa katika kamati. Aliyetoa elfu moja apate taarifa ileile aliyoipata aliyetoa milioni. Fedha zikabidhiwe kwa hundi au kwa kuhamishwa benki, mnufaika asaini hati ya kupokea, na baada ya miezi sita watumishi wawili wakaangalie kama vyoo vimejengwa na milango inafungwa.

Siku watakaporudi ofisini na kusema wameiona milango hiyo kwa macho yao, ndipo mwenyekiti wa kamati anaweza kufunga faili na kuandika: tumeshuka wote.