Moshi wa Kuchomelea Vyuma: Utaupeleka Wapi?

Fundi wa kuchomelea vyuma wa Heru Juu hafanyi kazi mahali pamoja. Leo yuko chini ya mwembe, anaunga mkokoteni. Kesho yuko chumbani, anatengeneza geti. Keshokutwa anaitwa Kasulu mjini akazibe tangi. Moshi ni ule ule, lakini njia ya kuuondoa si moja.

Moshi huo ni mvuke wa chuma uliogeuka vumbi laini sana. Hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba unaleta saratani. Tena, ukichomelea bati au bomba lililopakwa zinki, jioni unaweza kutetemeka kwa homa ukadhani ni malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa ati kuondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Moshi uko mapafuni! Na miwani hailindi pua.

Je, tufanyeje?

Ukiwa nje, upepo ni msaada wa bure. Simama ukupige ubavuni, wala usiinamishe kichwa juu ya moto.

Chumbani ndipo penye mtego. Watu hufunga feni ukutani, basi wameridhika. Lakini tazama moshi unakopita. Ukipita puani kwako kabla ya kufika kwenye feni, hujafanya kitu. Inafaa zaidi feni yenye bomba la kupinda, unayoweza kuisogeza kila kazi inapohamia. Mdomo wa bomba ukiwa na upana wa sentimita 15, usiuweke mbali na moto kupita sentimita 15. Hata hapo nguvu ya kuvuta imebaki kama sehemu moja tu ya kumi. Upande wa pili wa bomba utoke nje, mbali na dirisha la jirani. Huna fedha za feni? Toa kazi uani.

Tangi ni hatari kuliko yote. Pipa lililowahi kuwa na petroli linaweza kulipuka. Ndani ya tangi hewa huisha upesi, kwa hiyo feni ivute moshi na hewa safi iingie muda wote. Usipulize oksijeni ya mtungi: nguo zitawaka kama karatasi. Fundi afungwe kamba, na mwenzake abaki nje akimwangalia. Fundi akianguka, mwenzake asiingie kumfuata. Avute kamba, aite watu.