Kutoka kopo ya munkoyo mupaka bia ndogo za mutama: somo kwa koperative za Kasapa



Siku za masomo, kwenye barabara ya Kasapa, pembeni ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mutaona wamama wamekaa na ndoo zenye vifuniko na makopo ya plastiki. Wanafunzi wanasimama, wanakunywa, wanalipa, wanaenda. Kinywaji hicho ni munkoyo. Mama mumoja alituelezea kazi yake kwa maneno machache: "Ya leo iko tamu, ya jana iko kali. Kila mutu na yake. Lakini shiye hatupikake pombe ya kulewesha."

Maneno ya mama huyo yanatufungulia somo la leo. Katika inchi nyingi watu wameanza kutafuta bia na vinywaji vya viwanda vidogo, vyenye kupikwa na nafaka ya kwao. Sisi tuko na munkoyo tangu wakati wa mababu. Je, koperative ya kijijini inaweza kupata faida? Na kuna hatari gani njiani? Tusome pamoja, pole pole.

1. Habari nzuri kutoka kwingine

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1978 iliruhusu watu wapike bia nyumbani kwao bila kulipa kodi. Wengi walijifunza jikoni, kisha wakafungua viwanda vidogo. Leo viwanda vya namna hiyo huko vimepita 9.000. Kila kimoja kinajaribu kuwa na ladha yake, na wanunuzi wanauliza: nafaka hii imelimwa wapi, na nani?

Afrika nayo haikukaa tu. Uganda, mwaka 2002, kiwanda cha Nile Breweries kilitoa bia ya Eagle, inayopikwa na mutama wa aina ya Epuripur, uliochaguliwa na watafiti wa Serere. Wakulima walipata mununuzi wa nafaka ambayo zamani ilikuwa ya nyumbani tu. Msumbiji, mwaka 2011, ilitoka bia ya Impala, inayopikwa na muhogo. Afrika Kusini, Apiwe Nxusani-Mawela, mama aliyesomea kazi ya kupika bia, ametengeneza bia za Tolokazi, na ndani yake anatia mutama.

Karibu yetu zaidi, ngambo ya mupaka, Zambia wanauza maheu ndani ya chupa za kiwanda, na Chibuku ndani ya boksi ya karatasi, ile ambayo lazima utikise mbele ya kunywa. Chibuku ilianzia Kitwe, miaka ya 1950. Watu wanasimulia kwamba mupishi wake, Max Heinrich, alikuwa anaandika kila pishi katika kitabu, na jina likatoka kwa neno hilo: buku. Shikeni jambo hilo la kuandika. Tutalirudilia.

2. Ndani ya nyungu kunapita nini?

Wanga ya mahindi haichachuki yenyewe. Lazima kwanza igeuzwe kuwa sukari. Wazungu wanaitumia shayiri iliyooteshwa, ndiyo kimea. Wakulima wengi wa Afrika wanaotesha mutama ao ulezi. Sisi watu wa Katanga, pamoja na ndugu zetu wa Zambia, tuko na njia ingine: muzizi wa munkoyo. Muzizi huo unatoka kwa mimea ya pori ya jamii ya maharagwe. Ndani yake kuna nguvu ileile iliyo ndani ya kimea, inayokata wanga kuwa sukari.

Ndiyo sababu uji muzito, mukiutia muzizi uliopondwa, unageuka mwepesi kama maji na kuwa mutamu, hata bila sukari ya duka. Kisha vijidudu vizuri vinaanza kazi: vingine vinaleta ukali, vingine vinaleta pombe kidogo na hewa. Siku ya kwanza ni utamu. Siku ya pili ukali. Kisha pombe inaongezeka.

Hapa watu wengi wanakosea, na sisi tulikosea pia. Siku moja ya mafunzo tuliharakisha, tukatia muzizi wakati uji ulikuwa ungali unachemka. Tulingoja mupaka jioni, na uji ukabaki uji. Moto mukali unaua nguvu ya muzizi. Mungoje uji upoe, ubaki wa vuguvugu. Lakini uji wenyewe uchemke sana mbele ya hapo, kwa sababu kisha kutia muzizi hamutauchemsha tena.

Jambo la pili: hewa. Siku ingine tulifunga bido ya munkoyo ya siku mbili, tukaikaza kabisa, tukaiweka ndani ya gari. Jua lilipopanda, kifuniko kikaruka, na viti vyote vikanuka munkoyo kwa juma nzima. Tulicheka, lakini kama ingekuwa chupa ya kioo, tungelia. Kinywaji chenye kuchachuka hakifungwi kwa nguvu.

3. Hatari tatu ambazo hazionekani

Ya kwanza ni kuvu. Watu wanasema: "Mahindi yaliyooza kidogo, tutayatia kwenye pombe." Hapana! Kuvu inaacha sumu yenye kuitwa aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 walikufa. Mahindi ya munkoyo yachaguliwe kama ya bukari ya watoto wenu: yakauke vizuri, yawekwe juu ya mbao, si chini ya udongo, na kila mbegu yenye rangi ya kijani ao nyeusi itupwe.

Ya pili ni muzizi usiojulikana. Porini kuna mizizi inayofanana, na mingine ina sumu. Musinunue muzizi kutoka kwa mutu musiyemujua. Muwe na mama ao baba muzee mwenye kuujua, na vijana wawili wamufuate ili wajifunze. Mukiwa na mashaka juu ya muzizi mumoja, acheni fungu lote.

Ya tatu ni machipukizi ya mutama. Mutama unaoteshwa namna hii: unalowekwa siku moja na kubadilishiwa maji, unatandikwa juu ya gunia lenye maji siku tatu mupaka tano, kisha unaanikwa. Lakini chipukizi na vizizi vyake vinabeba sumu ya sianidi. Kisha kukauka, musugue kimea mupaka vitoke vyote, mupepete, na mutupe mbali, mbuzi na kuku wasivifikie. Kisha unga wa kimea upikwe vizuri.

Ongezeni juu ya hayo mambo ya kila siku: maji safi, muzizi uliooshwa, ndoo iliyosafishwa na maji ya moto, kifuniko, na kopo moja ya kuchotea ambayo hakuna anayeinywea.

4. Pori linarudi nyuma

Wamama wanatuambia kwamba zamani muzizi ulichimbwa karibu. Leo wachimbaji wanaenda mbali na kinga, na wanarudi na mufuko mudogo. Kuzunguka Lubumbashi miti ya miombo inakatwa kwa makala na kwa mashamba, na mimea ya munkoyo inapotea pamoja na kivuli chake. Tena kuna jambo la kutuumiza: makala yaleyale ndiyo yanachemsha munkoyo. Tunapika kinywaji na moto unaomaliza muzizi wake.

Koperative inaweza kufanya nini? Kwanza, musichimbe mumea mudogo, wala usiokuwa umetoa mbegu. Pili, mukichimba, acheni sehemu ya muzizi chini na mufunike tundu. Tatu, wakati wa kipwa, kusanyeni mbegu na mujaribu kuzipanda kwenye kiwanja kidogo mvua inapoanza, mwezi wa 11. Musianze na hektari. Anzeni na mistari mitano, muandike iliyoota na iliyokufa. Nne, jengeni jiko la udongo lenye kufunika nyungu, ili makala machache yatoshe.

5. Mahindi ya bukari ao ya nyungu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Haut-Katanga inakula mahindi mengi kuliko inayolima, na mengi yanatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame uliharibu mashamba ya Zambia, serikali yao ikatangaza janga mwezi wa 2, na sisi huku tulihisi njaa hiyo kwenye bei ya meka ya unga. Mwaka kama huo, mama anayetia mahindi ndani ya nyungu ya kuuzisha anaweza kuwanyima watoto chakula bila kutaka.

Shauri letu ni hili: mahindi ya nyumbani yahesabiwe kwanza, mupaka mavuno mengine. Yanayobaki ndiyo ya biashara. Na kwa biashara, limeni mutama kwenye sehemu ya shamba. Mutama unavumilia ukame kuliko mahindi. Lakini ndege wanaupenda sana: pandeni wote pamoja kwa siku zilezile, ili ndege wasimalize shamba la mutu mumoja, na mupange zamu za watoto wakubwa na wazee kulinda, bila kuwatoa watoto masomoni.

Musimutegemee pia mununuzi mumoja. Kenya, bia ya bei ndogo ya Senator Keg ilitoka mwaka 2004, na wakulima wengi wakapanda mutama kwa ajili yake. Mwaka 2013 serikali ilitia kodi ya asilimia 50, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki na mutama mikononi. Kisha kodi ilipunguzwa, lakini aliyekuwa na deni hakungojewa. Mutama unaoweza kuliwa, kuuzwa sokoni na kupikwa munkoyo ni bora kuliko mutama wa mulango mumoja.

6. Andikeni hesabu, kama Heinrich

Huu ni mufano wa kujifunza, si bei ya soko. Mutie bei zenu.

Kwa pishi la lita 20: unga franka 9.000, muzizi 3.000, makala 5.000, sukari 2.000, maji 1.000. Jumla: 20.000.

Lita 20 zinatoa kopo 40 za nusu lita. Tuseme kopo 4 zinamwagika, zinaonjwa, zinaharibika. Zinabaki 36. Kwa franka 800 kila moja, munapata 28.800. Faida: 8.800.

Lakini wamama wawili walifanya kazi siku mbili. Gawanyeni 8.800 kwa siku nne za kazi: kila mama anapata 2.200 kwa siku. Sasa makala yakipanda kutoka 5.000 mupaka 8.000, faida inashuka mupaka 5.800, na siku ya kazi ya mama inakuwa 1.450. Mumeona? Ni jiko lenye kupunguza makala, si kopo ndogo zaidi, litakalookoa biashara hiyo.

Mama asiyeandika anajua tu kwamba pesa ilipita mikononi. Mama anayeandika anajua ilienda wapi.

7. Hatua za mbele, na mupaka wake

Hatuwaambie mufungue kiwanda. Anzeni na mambo matatu: pishi moja lenye ladha ileile kila juma, ndoo zenye siku yake iliyoandikwa ("ya leo", "ya jana"), na duka ao kantini moja inayokubali kupokea. Wateja wengi wa leo wanatafuta kinywaji chenye pombe kidogo ao kisicho nayo, na hapo munkoyo ya siku ya kwanza ina nafasi kubwa. Watoto na wamama wenye mimba wasipewe ile kali.

Mukitaka kutia chupa na etiketi, ulizeni kwanza ofisi ya OCC juu ya ukaguzi wa ubora. Mukitaka kuuza pombe, jueni kwamba kuna kodi yake inayosimamiwa na DGDA. Kuuliza mbele ni bei ndogo kuliko kunyanganywa mali kisha.

Na lutuku? Tunajua inaleta pesa ya haraka. Tunajua pia nyumba ambazo imezibomoa. Hatutafundisha kuitengeneza. Munkoyo inauzwa mchana, mbele ya watu wote, na anayeinunua anarudi masomoni. Hiyo ndiyo faida ambayo haiandikwi kwenye daftari, lakini iko.

Maswali ya kuzungumuzia kwenye mukutano

Nani katika koperative yetu anaujua muzizi bila kukosea, na nani anajifunza kwake?
Mahindi yetu ya bukari yatatufikisha mupaka mwezi gani?
Tukiandika hesabu ya mapishi manne yanayofuata, ni gharama gani itatushangaza?
Mistari mitano ya munkoyo tutaipanda kwa nani?

Chagueni mutu mumoja wa kuandika majibu. Tutakapopita kwenu kisha mavuno, tutaomba tuone daftari hilo, na mukitukaribisha, tutaonja ya leo na ya jana.